Baiskeli ya changarawe Usambara Mashariki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya anayetaka kuendesha baiskeli kwenye barabara za vumbi na changarawe za Usambara Mashariki, mkoani Tanga: kutoka Muheza, mita 200 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi Amani, mita 900 na kidogo, pamoja na njia za mashamba ya chai zilizo juu yake. Wengi huuliza kwanza kuhusu milima. Lakini siku ikiharibika huku, mara nyingi chanzo huwa tope au breki, ndiyo maana maswali hayo mawili yamejibiwa kwa urefu.

Njia zenyewe ni zipi?

Njia mama ni Muheza–Sigi–Amani. Ni kama kilomita 25 hadi lango la hifadhi pale Sigi (wengine huandika Zigi), halafu kilomita 9 au 10 za kupanda hadi Amani. Unatoka mjini, unapita vijiji vya Wabondei vyenye machungwa na minazi, unaingia kwenye mitiki ya Shamba la Miti Longuza, kisha msitu unafunga juu ya kichwa. Kutoka Muheza hadi Sigi usidanganywe na ramani. Barabara inapanda na kushuka mara nyingi, kwa hiyo jumla ya kupanda kwa siku inazidi ile tofauti ya mita 700 kati ya miji hiyo miwili.

Ukiwa Amani, mizunguko miwili inafaa. Wa kwanza unaelekea Kwamkoro, kusini-magharibi, kupitia msitu na chai. Huu ndio wa kuanza nao, kwa sababu unaweza kuumaliza nusu siku na kurudi kabla ya mvua ya mchana. Wa pili unaelekea kaskazini, Monga, Derema na Bulwa. Huko barabara za chai zinagawanyika kila baada ya mita mia chache na zote zinafanana. Usiende bila ramani iliyopakuliwa au mwenyeji. Barabara ya shamba la chai imetengenezwa ili lori lifike kwenye chai, haikutengenezwa ili ikufikishe kijiji cha pili, na nyingi huishia kwenye kibanda cha kupimia majani.

Kuna pia Magoroto, mlima ulio karibu zaidi na Muheza, wenye msitu na ziwa dogo juu yake. Barabara yake ni fupi lakini kali, na imechimbika kwa maji sehemu nyingi. Inamfaa mwenye siku moja tu. Juu ni mali ya watu na kuna kiingilio, hivyo panga mapema.

Upande wa kaskazini, ukitokea Tanga mjini, barabara ya Mabokweni–Maramba inazunguka miguu ya milima. Ni pana, ina vumbi, jua kali na kivuli kidogo. Maramba kuna kambi ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), kwa hiyo kamera na simu viweke mfukoni mpaka upite.

Si nimesikia barabara ya Muheza–Amani inawekwa lami?

Ndiyo, sehemu zake zimekuwa zikiwekwa lami, na zege kwenye miinuko mikali. Ukisoma maelezo ya miaka iliyopita yanayosema yote ni vumbi, usiyategemee. Kwa mwendesha baiskeli ya changarawe hii si hasara sana: lami inakupeleka haraka hadi vijia vizuri vinapoanzia, na huko juu chai na msitu bado ni vumbi tupu. Angalizo moja: lami mpya inayokutana na changarawe huacha ukingo wa sentimita kadhaa. Ukishuka kwa kasi na upepo mdogo kwenye matairi, ukingo huo unabana tyubu kwenye rimu na kuitoboa matundu mawili yaliyokaa sambamba, kama jino la nyoka.

Mlima wa Sigi hadi Amani ni mgumu kiasi gani? Gia gani zinatosha?

Ni mita 450 hivi za kimo katika kilomita 9 au 10, yaani wastani wa asilimia 5. Wastani huo unaficha kona zenye asilimia 10 na zaidi, na kona hizo ndizo zenye mawe yaliyolegea, kwa sababu magari huyasukuma nje yanapokata kona.

Fanya hesabu ndogo. Ukiwa na gia ya mbele meno 40 na ya nyuma meno 40, gurudumu linazunguka mara moja kwa kila mzunguko wa pedali. Ukipiga mizunguko 60 kwa dakika unakwenda karibu kilomita 7.7 kwa saa. Kwenye mwinuko wa asilimia 10, mtu na baiskeli wenye kilo 85 wanahitaji kama wati 200 kushikilia mwendo huo. Wengi wetu hatuwezi kutoa wati 200 kwa dakika ishirini mfululizo baada ya kilomita 25 za joto. Kwa meno 30 mbele na 42 nyuma unashuka hadi kilomita 5.5 kwa saa, na mguu unapumua. Tafuta gia ndogo kabisa ambayo meno ya mbele ni machache kuliko ya nyuma, kwa robo hivi. Ukiwa na mizigo, punguza zaidi.

Kwenye changarawe iliyolegea kaa kwenye tandiko, sogea mbele kidogo, inamisha kifua. Ukisimama kwenye pedali uzito unatoka nyuma, tairi linateleza mahali pamoja na unasimama katikati ya kona. Kuanza tena hapo ni kazi: geuza baiskeli ikate barabara, panda, piga mizunguko miwili ukienda pembeni, ndipo uelekee juu.

Kwa muda, tenga saa mbili kutoka Muheza hadi Sigi na saa moja hadi moja na nusu kutoka Sigi hadi Amani. Anza saa 12 asubuhi, ukipita saa 2 utalipia kwa jasho.

Msimu gani ni mzuri?

Januari na Februari, kisha katikati ya Juni hadi Septemba. Masika ya Machi hadi Mei uyaache yapite. Vuli ya Oktoba hadi Desemba inawezekana kwa mwenye siku za akiba.

Lakini "kiangazi" huku hakina maana ile ya Dodoma. Milima hii iko umbali wa kilomita 40 hivi tu kutoka Bahari ya Hindi, na ndiyo ya kwanza kupokea upepo wenye unyevu. Hewa ikilazimika kupanda inapoa na kumwaga maji. Amani hupata karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka, na hakuna mwezi unaoweza kuapa kwamba hautanyesha. Ndiyo sababu chai inastawi hapo, na Mto Sigi, unaojaza bwawa la Mabayani linalowapa maji wakazi wa jiji la Tanga, haukauki. Kwa hiyo usiulize tu kama ni msimu wa mvua. Uliza kama imenyesha jana, na kwa wingi gani. Saa 24 za jua na upepo zinatosha kukausha barabara iliyo wazi kwenye chai. Iliyo chini ya miti inahitaji siku mbili au tatu, na baadhi ya kona haziguswi na jua kabisa.

Juni hadi Agosti Amani ni baridi asubuhi na jioni kwa mtu wa pwani. Chukua koti jepesi la kuzuia upepo, hata kama Muheza umetoka unatokwa jasho.

Tope la huku lina nini cha ajabu?

Ni udongo mwekundu wa mfinyanzi. Ukiwa mkavu ni mgumu kama sakafu, tena mtamu kuendesha. Ukiloa sana, una maji tele juu, unateleza lakini haushiki. Hatari kubwa iko katikati, wakati umeanza kukauka: hapo unanata kama ugali, unabeba majani na kokoto, na unajaza nafasi kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma kuzunguka.

Kinachofuata ndicho huvunja safari. Mtu anahisi uzito, anaongeza nguvu. Mnyororo uliojaa udongo haupiti vizuri kwenye viroda vya kihamisha gia cha nyuma. Kihamisha gia kinavutwa nyuma na juu, kinapinda kile kipande laini cha aluminiamu kinachokishikilia kwenye fremu, na kisipovunjika hapo kinaingia kwenye spoki. Kipande hicho kimetengenezwa kivunjike ili fremu ipone, na kila aina ya fremu ina umbo lake. Hutakipata Muheza, wala Tanga. Nunua viwili vya fremu yako kabla ya safari, kimoja kifunge kwa selotepu chini ya tandiko ili usikisahau.

Ukihisi uzito wa ghafla, acha kukanyaga papo hapo. Shuka, kwangua kwa kijiti (usitumie bisibisi, inakwaruza rimu na kukata tairi), zungusha pedali kinyumenyume kwa mkono uone kama mnyororo unapita. Kama hakuna maji ya kusafishia, beba baiskeli mpaka penye majani au changarawe. Mita mia mbili za kubeba ni afadhali kuliko kilomita kumi na tano za kusukuma. Pembeni mwa barabara ambapo nyasi zimeota mara nyingi panapitika wakati katikati hapapitiki, ila angalia mfereji uliofunikwa na majani.

Kinga ni nafasi. Kati ya tairi na fremu, kila upande na juu, pawe na angalau milimita 6. Fremu inayokubali tairi la milimita 50, iwekee la 45. Madigadi ya plastiki yaliyo karibu na tairi yavue, maana huku yanageuka kuwa mtego wa udongo.

Nitumie matairi gani, na upepo kiasi gani?

Upana wa milimita 40 ni wa chini kabisa, 45 ndio unaotulia. Kashata (meno ya tairi) za pembeni ziwe wazi, zilizo mbalimbali, ili udongo utoke. Katikati pawe laini kiasi, kwa ajili ya lami na udongo mkavu.

Kwa mtu wa kilo 70 na mzigo mdogo, tairi la 45 lisilo na tyubu: psi 28 mbele, 31 nyuma. La 40: psi 34 mbele, 37 nyuma. Ukitumia tyubu ongeza psi 5 kwa kila moja, vinginevyo utabana tyubu kwenye mawe. Ukiwa mzito zaidi au una mizigo, ongeza psi moja kwa kila kilo tano, hasa nyuma. Geji za vituo vya mafuta zimezoea magari na hazisomi vizuri upepo mdogo. Njoo na yako.

Tubelesi, yaani tairi lisilo na tyubu, ni bora, kwa sababu inakuruhusu upepo mdogo na inaziba yenyewe matundu madogo. Weka mililita 60 hadi 80 za maji ya kuziba kwa kila tairi la 45. Kwa joto la pwani maji hayo hukauka mapema kuliko kopo linavyoahidi. Yaangalie kila wiki sita: tingisha gurudumu, usiposikia kitu, ongeza.

Kinachotoboa zaidi hakiko msituni, kiko bondeni. Kuzunguka Muheza kuna mashamba ya mkonge, na ncha ya jani lake kavu inaingia kwenye tairi kama sindano ya gunia. Ukipita barabara za mkonge, baki kwenye mkondo wa magurudumu ya magari, usipite penye majani yaliyokatwa.

Mbona mnasisitiza sana breki? Si nitakuwa nimeshamaliza kazi ya kupanda?

Kutoka Amani kushuka Sigi, mtu na baiskeli wenye kilo 85 wanabadilisha kimo cha mita 450 kuwa joto. Sehemu inaliwa na upepo na msuguano wa matairi, lakini kinachobaki kwenye breki kinatosha kuchemsha chupa ya nusu lita ya maji. Joto hilo lote linapita kwenye diski mbili nyembamba.

Kosa la kawaida ni kushikilia breki kidogo kidogo muda wote. Diski haipati nafasi ya kupoa, pedi zinang'aa kama kioo na kuanza kupiga kelele, na kwa breki za mafuta mshiko unakuwa laini na kwenda ndani mpaka kwenye usukani. Afadhali ufunge kwa nguvu kabla ya kona, uachie kabisa ndani ya kona na kwenye sehemu iliyonyooka. Weka vidole viwili kwenye kila mshiko na mikono chini kwenye mikunjo ya usukani, ndipo unapata nguvu bila kuchoka viganja.

Maji yakichanganyika na mchanga, pedi laini za mchanganyiko wa utomvu zinaweza kwisha kwa siku moja ya kushuka. Si kutia chumvi. Pedi za chuma kilichoshindiliwa zinadumu zaidi kwenye unyevu, ingawa zina kelele na huchelewa kushika zikiwa baridi. Angalia unene asubuhi ya kila siku. Ukibaki na chini ya milimita moja ya pedi, badilisha kabla ya kushuka, usingoje ufike. Chukua jozi moja ya akiba kwa kila gurudumu, na kwa breki za waya kaza nati ya kurekebisha kila mara mshiko unapoanza kwenda mbali.

Breki za mpira zinazoshika rimu? Zinawezekana kiangazi. Kwenye unyevu wa Amani zinasaga rimu pamoja na mchanga, na hapo tunakushauri ukodishe au uazime baiskeli nyingine.

Vipuri gani nibebe, na mafundi wa vijijini watanisaidia vipi?

Fundi baiskeli yupo karibu kila kijiji kikubwa, ana mikono mizuri, na spoki iliyokatika au rimu iliyopinda ataisawazisha kwa macho vizuri kuliko wengi wenye mashine. Tatizo ni vipuri. Amezoea Phoenix na baiskeli za mlima za inchi 26. Vya baiskeli yako hana.

Hapa kuna siri inayookoa. Tyubu ya Phoenix, ya inchi 28 kwa 1½, imetengenezewa rimu ya milimita 635. Rimu yako ya 700C, ukubwa wa kawaida wa baiskeli za changarawe, ni 622. Tofauti ni ndogo, na tyubu hiyo inakaa vizuri ndani ya tairi la 40 au 45. Kikwazo ni valvu: ni nene, inahitaji tundu la milimita 8 na nusu, wakati rimu nyingi za changarawe zimetobolewa milimita 6 na nusu kwa valvu nyembamba ya Presta. Usikubali rimu itobolewe upya barabarani, hasa ya kaboni. Njoo na tyubu mbili zako, na adapta ya shaba inayogeuza Presta ikubali pampu ya fundi au ya gari. Adapta ni ndogo kama punje ya mahindi na inapotea. Chukua mbili.

Mengine yasiyokosekana: alenki za milimita 2 hadi 8, kifaa cha kutolea pini ya mnyororo, viunganishi viwili vya mnyororo vya idadi ya gia zako (cha gia 10 hakiingii 12), viraka na solusheni, spoki mbili za urefu wa gurudumu la nyuma, kamba za plastiki za kubania, mafuta ya mnyororo ya kwenye unyevu, na kitambaa. Solusheni iliyofunguliwa hukauka ndani ya tyubu yake. Nunua mpya.

Kihamisha gia kikifa kabisa, unaweza kurudi kwa gia moja. Kitoe, kata mnyororo, chagua gia ya nyuma iliyonyooka na ya mbele, funga mnyororo uwe mkazo bila kuning'inia. Mnyororo ukiwa legevu utaruka, ukikazwa sana utakatika. Chagua gia ya kupanda kwa shida kidogo. Kushuka hakuhitaji gia.

Naweza kuja na baiskeli ya mlima ya kawaida?

Njoo nayo. Kwa Magoroto na kwa vijia vya Bulwa inaweza kuwa bora kuliko ya changarawe. Utachoka zaidi kwenye lami ya Muheza, basi.

Vibali na kiingilio vikoje? Naweza kuendesha kwenye vijia vya msituni?

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997 na inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Mgeni anayetembelea hifadhi analipia Sigi. Kuna bei ya Mtanzania, ya raia wa Afrika Mashariki na ya mgeni wa nje, kwa hiyo beba kitambulisho. Malipo ya serikali yanapita kwenye kontroli namba kwa simu au benki. Weka salio kwenye simu ukiwa Muheza, maana kusimama langoni bila pesa ya simu na bila mtandao ni hadithi ya kila wiki.

Barabara za magari unaendesha. Vijia vya miguu ni suala lingine. Kile cha kutoka Amani hadi Sigi ni mwinuko wa mizizi na ngazi za udongo, na baiskeli inakichimba mfereji ambao mvua inaumalizia. Uliza ofisini, na ukiambiwa hapana, usibishe. Kilima cha Mbomole kipande kwa miguu baiskeli ikiwa imefungwa chini.

Usichume mimea. Ua dogo la zambarau linaloota kwenye mawe yenye kivuli, ambalo duniani linauzwa kwenye vyungu, lilitoka kwenye misitu hii. Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, ndiye aliyepeleka mbegu zake Ujerumani miaka ya 1890, na jina lake la kisayansi la zamani, Saintpaulia, likatokana naye. Porini limebaki sehemu chache.

Kuna hatari gani barabarani?

Malori. Ya magogo ya mitiki, ya chai, na msimu wa machungwa ukifika, pikapu zilizojaa mpaka juu. Dereva anayepanda hawezi kusimama kwenye mwinuko mtelezi, ataanguka nyuma. Wewe ndiye unayepisha. Kwenye kona zilizofungwa na msitu piga kengele na baki kushoto kabisa, hata kama mkondo mzuri uko kulia. Bodaboda hushuka zikiwa zimezima injini ili kuokoa mafuta, hutazisikia.

Tembo na simba hakuna. Kuna mbega na kima juu ya miti. Jioni barabara ikiwa bado na joto, nyoka hujilaza juu yake, akiwemo kifutu ambaye haondoki ukimkaribia. Siafu wakivuka barabara usisimame katikati yao kupiga picha.

Malaria ichukulie kwa uzito. Tambarare za Muheza zinajulikana kwa malaria kiasi kwamba utafiti wake umefanyika huku kwa miongo mingi, na kituo cha Amani cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) kina jina katika kazi hiyo. Lala ndani ya chandarua. Homa ikikupata ndani ya wiki chache baada ya kurudi, kapime, usiseme ni uchovu wa baiskeli.

Giza ndani ya msitu huingia nusu saa kabla ya kuingia nje. Uwe umeshafika saa 12 jioni, na taa ya nyuma iwake hata mchana kwenye ukungu.

Maji na chakula?

Kutoka Muheza beba lita mbili na nusu. Sigi na Amani unapata maji na soda, katikati ni bahati. Maji ya kijito yanaonekana masafi, lakini juu yake kuna vijiji na mifugo: yachemshe au yatie dawa.

Mwili unataka gramu 40 hadi 60 za wanga kwa saa ukipanda. Ndizi mbivu moja kubwa ni kama 25, chapati moja kama 40. Kwa hiyo ndizi mbili kwa saa zinatosha, au chapati na soda. Huna haja ya kuagiza vijiti vya sukari kutoka nje. Chumvi ndiyo husahaulika: karanga za kukaanga zenye chumvi, na ndimu yenye chumvi kwenye chupa moja. Vibanda vya Amani hufungwa mapema na havipiki vingi, hivyo ukifika agiza chakula cha jioni kwanza, kisha ukaoge.

Nitalala wapi?

Hifadhi ina nyumba za wageni Sigi na Amani, pamoja na sehemu za kupiga hema. Weka nafasi kabla, hasa sikukuu. Muheza kuna gesti za kila bei. Omba kuingiza baiskeli chumbani, na salimia mwenye gesti vizuri kabla hujaomba. Vijijini vilevile: shikamoo kwa wazee kabla ya kuuliza njia. Ukiuliza "Hii inafika Bulwa?" utaambiwa inafika, kwa heshima tu. Uliza "Nikitaka Bulwa napita wapi?" utapewa njia.

Nafikaje Muheza na baiskeli?

Mabasi mengi ya Dar–Tanga yanapita Segera na Muheza. Ukitokea Tanga mjini ni kama kilomita 40 za lami, na ukitokea Mombasa unavuka Lungalunga–Horohoro, unafika Tanga, kisha Muheza. Nauli ya baiskeli ni maelewano na konda. Kubaliana kabla haijaingia buti.

Toa gurudumu la mbele na pedali, geuza usukani. Weka kipande cha boksi nene kati ya pedi za breki, maana mtu akibana mshiko bila diski ndani, pedi zinagandana na hutazifungua kwa vidole. Ilaze upande usio na mnyororo, na kihamisha gia kielekee juu. Omba isiwekewe magunia. Itawekewa, lakini omba.

Mtandao wa simu upo?

Mjini na Amani upo, kwenye mabonde unakatika. Pakua ramani za OpenStreetMap kabla, na mwachie mtu njia yako na saa ya kufika.

Kwa nini nisiende Lushoto?

Nenda, lakini ni safari tofauti. Usambara Magharibi iko juu zaidi, Lushoto yenyewe mita 1,400 hivi, ni baridi, ina mashamba ya mboga na mandhari wazi, na barabara ndefu ya Magamba hadi Mtae. Misitu imebaki vipande. Usambara Mashariki ni chini zaidi, unyevu zaidi, msitu zaidi. Ukiwa na wiki nzima, anza Mashariki kiangazi kikiwa kimetulia, kisha shuka Muheza, panda basi kupitia Segera na Korogwe hadi Mombo, upandishe Lushoto kwa lami.

Nikirudi nifanye nini na baiskeli?

Ioshe siku hiyo hiyo, udongo mwekundu ukikauka unashika kama rangi. Maji ya ndoo na brashi, usitumie mashine ya presha kwenye beringi. Toa nguzo ya tandiko, geuza fremu maji yatoke. Pima mnyororo: ukirefuka asilimia 0.75 (0.5 kwa gia 11 au 12), badilisha kabla haujala meno ya kaseti. Kama ulivuka mito maji yakafika kwenye haba (kitovu cha gurudumu), fungua beringi za magurudumu ndani ya wiki. Grisi ikiwa na rangi ya maziwa ya chai, maji yameingia.